Keji Haishindwi Katikati ya Bomba

Gari la porini likipinduka, keji, yaani fremu ya mabomba ya chuma inayofungwa ndani ya gari ili paa lisiwashukie watu, haishindwi katikati ya bomba. Hushindwa pale mguu wake unapokanyaga sakafu, pale bomba lilipokunjwa, na pale mabomba mawili yalipochomelewa. Hayo ndiyo tuliyofundishwa na kazi ya kufunga na kukagua keji hapa Dar es Salaam, na ndiyo sababu tunaanzia miguuni. Mwenye gari akifika gereji, Tabata au Gerezani, swali lake la kwanza huwa ni unene wa bomba. Unene una maana yake na tutaufikia, lakini bomba nene lililosimama juu ya bati la sakafu lisiloimarishwa ni mkuki. Gari likilala miguu juu, bomba linatoboa sakafu na paa linawashukia watu vichwani, huku keji yenyewe haina hata mkunjo.

Pima mzigo wenyewe. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, kwa keji zinazojaribiwa kwa mashine, zinataka tao kuu libebe kutoka juu mara 7.5 ya uzito wa gari baada ya kuongeza kilo 150. Tao kuu ni lile bomba moja linalopita nyuma ya viti vya mbele, kutoka sakafu ya kulia, juu chini ya paa, hadi sakafu ya kushoto. Gari la kilo 2,000 linahesabiwa kilo 2,150. Zidisha, unapata takriban tani 16. Sasa angalia ncha ya bomba la milimita 45 lenye ukuta wa milimita 2.5. Eneo la chuma chake halisi ni sentimita za mraba 3 na kidogo. Bati la sakafu la Hilux au Land Cruiser ni kama milimita moja. Ukiviweka vitu hivyo viwili pamoja huhitaji mhandisi akueleze kitakachotokea.

Dawa yake ni pleti. Kifungu cha 253 cha Kiambatisho J cha FIA kinataka kila mguu mkuu ukae juu ya pleti ya chuma yenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, iliyochomelewa kwenye bodi, na mguu ufungwe kwa bolti zisizopungua 3 za M8 (kipenyo cha milimita 8) zenye daraja la nguvu 8.8. Mihimili ya nyuma, yale mabomba yanayoshuka kutoka tao kuu kwenda nyuma, inaruhusiwa bolti 2 na sentimita za mraba 60. Sisi hatufungi kwa kiwango hicho cha chini. Tunakata pleti ya sentimita 12 kwa 16 na kuikunja, sehemu ilale sakafuni na sehemu ipande kwenye kizingiti cha mlango, kwa sababu kizingiti ni boksi lenye kuta kadhaa na kinabeba mzigo kwa wima, wakati sakafu tupu inabonyea. Pembe za pleti tunazizungusha kwa grainda, maana ufa hupenda kuanzia kwenye pembe kali. Kuchomelea pleti ya milimita 3 juu ya bati la milimita moja kunataka subira: vipande vya sentimita 2 hadi 3, ukihama upande huu na ule mpaka mzunguko ukamilike. Ukivuta mstari mmoja bila kupumzika, bati linatoboka au linajikunja, na pleti inabaki imeshikwa na majivu.

Bolti zisome kichwani. Yenye 8.8 imeandikwa 8.8. Isiyo na maandishi, hata kama muuzaji anakuapia, iache ifunge kibao cha namba. Tunapendelea M10, tukiikaza kwa spana ya kipimo hadi Nm 45 hivi, na nati zenye plastiki ya kujikaza ndani.

Kabla ya yote hayo, toa zulia. Dar ni mji wa chumvi. Gari linaloshinda Kigamboni au Msasani, au linaloingizwa mchangani karibu na maji kila wikendi, huoza sakafu kuanzia chini ya zulia, mahali ambapo jasho la kiyoyozi na maji ya miguuni hukutana. Kwangua sila ya kiwandani kwenye kona ya kizingiti, kisha gonga kwa ncha ya bisibisi kubwa. Bati zima linalia. Lililooza linatoa sauti butu na bisibisi inaingia. Sakafu ya namna hiyo ikatwe mpaka kwenye chuma safi, ikawekwe bati jipya la milimita 1.5, ndipo pleti ifuate. Tumeona pleti nzuri kabisa zimechomelewa juu ya kutu iliyopakwa rangi. Kazi hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na keji, kwa sababu dereva anaiamini.

Kuna suala jingine la miguuni ambalo waliojifunzia kwenye magari ya mashindano ya barabarani hulisahau. Land Cruiser, Patrol na Hilux zina chesisi peke yake na bodi peke yake, katikati kuna bushi za mpira. Gari likipanda korongo, gurudumu la mbele kulia juu na la nyuma kushoto juu, chesisi inajisokota na bodi inaelea juu ya mpira. Ukifunga miguu miwili ya keji kwenye chesisi na minne kwenye bodi, umeziunganisha sehemu mbili zilizotengenezwa ziachane. Safari chache za Kisarawe zinatosha kuonyesha nyufa kwenye pleti. Chagua upande mmoja. Kwa gari la safari linalotumika pia mjini, tunaiacha keji yote kwenye bodi, miguu ikikaa karibu kabisa na juu ya bushi za bodi, na bushi zenyewe zinabadilishwa mpya pamoja na bolti zake, kwa sababu gari likipinduka bolti hizo ndizo zinazoshikilia bodi na chesisi zisiachane. Kwa gari la mashindano tupu, keji inaweza kushuka hadi chesisi, lakini basi miguu yote inashuka, na kila mmoja unapita kwenye bushi ngumu.

Defender ya zamani, ile yenye chesisi, ina sheria yake. Beseni lake la nyuma na ngozi yake kubwa ni alumini, na alumini hiyo haibebi mguu wa keji hata ukiiwekea pleti. Miguu ya mbele ipate ukuta wa chuma ulio mbele ya dashibodi au mabega ya chesisi. Ya nyuma iende kwenye chesisi kwa mabano. Popote chuma cha keji kinapogusana na alumini weka mpira au plastiki ngumu katikati, la sivyo hewa ya bahari itaila alumini mpaka igeuke unga mweupe.

Sasa bomba. FIA inaruhusu kwa tao kuu bomba la chuma cha kaboni kisicho na mshono, lililovutwa baridi, lenye nguvu ya kuvutwa isiyopungua MPa 350, kwa ukubwa wa milimita 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0, sehemu nyingine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Kwa hesabu, la 50 kwa 2.0 ni gumu kupindika kuliko la 45 kwa 2.5 kwa karibu asilimia 15, na ni jepesi kwa asilimia 10. Hata hivyo kwa hapa tunachagua la 45 kwa 2.5. Ukuta wa milimita 2 hausamehe mchomeleaji mwenye mashine ya rodi, na ukigongwa na jiwe au kisiki unabonyea haraka. Bomba lililobonyea limepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Watu wa Marekani wanaokimbiza magari jangwani wamezoea inchi 1.75 kwa inchi 0.120, ambayo ni milimita 44.5 kwa 3 hivi. Ni zuri, ila ni zito zaidi, kilo 3.1 kwa mita dhidi ya 2.6.

Unene ulioandikwa kwenye risiti na unene uliomo kwenye bomba ni vitu viwili. Chukua venia, kile kipimo cha kubana cha unene, upime ncha zote mbili, baada ya kuondoa mabaki ya kukatwa. Kisha pima uzito, kipimo ambacho hakidanganywi na ncha iliyochaguliwa. Kanuni ni nyepesi: kipenyo cha nje toa unene, zidisha kwa unene, zidisha kwa 0.02466, unapata kilo kwa mita. Bomba la mita 6 la 45 kwa 2.5 linatakiwa liwe kilo 15.7. Ukikuta 12 na nusu au 13, umeuziwa la milimita 2. Mizani ya duka la vyuma inatosha kwa kazi hii, omba tu.

Bomba la maji la GI likatae moja kwa moja. La inchi moja na nusu linavutia kwa sababu lipo kila duka la vifaa vya ujenzi na ni nene, milimita 48.3 kwa 3.2 kwa daraja la kati. Lakini limetengenezwa libebe maji. Lina mshono, na likikunjwa mshono ukikaa upande wa nje wa kona unaweza kufunguka. Lina zinki nje na ndani. Hata ukiisaga ya nje, ya ndani inachemka na kupuliza vitundu ndani ya chuma cha kuchomelea. Moshi wake mweupe unaleta homa usiku ule ule, na maziwa ambayo mafundi hunywa hayautoi moshi mapafuni. Kinachosaidia ni kutouvuta. Mabomba ya mraba ya mageti nayo tusiyajadili.

Na zile rolba zinazong'aa nyuma ya pikapu, za chuma kisichoshika kutu, zenye kipenyo kikubwa na taa juu? Ni mapambo. Gonga kwa ukucha usikie zilivyo nyembamba, kisha chungulia chini uone bolti 4 zilizoshikwa na bati la bodi la kubebea mizigo. Pia ziko nje ya kabini, nyuma ya kichwa cha dereva, na paa la kabini linabaki peke yake. Hatuna neno na anayezipenda. Tunamwomba asimpeleke mtoto wake porini akidhani gari lina ulinzi.

Kukunja ndiko kunakoharibu mabomba mengi mazuri. Ile mashine ya haidroliki inayosukuma bomba kwa kiatu katikati ya roli mbili ilitengenezwa kwa mabomba ya maji yenye ukuta mnene. Ukiiwekea bomba la keji, kona inakuwa bapa na ndani yake inafanya mikunjo. Kujaza mchanga na kupasha moto kwa gesi ni kubaya zaidi, kwa sababu bomba lililovutwa baridi limepata sehemu ya nguvu yake kwa kuvutwa huko, na moto mwekundu unaiondoa. Kinachotakiwa ni mashine inayolizungusha bomba kwenye daizi (kalibu) ya kipenyo chake, baridi. Nusukipenyo cha kona, kikipimwa kwenye mstari wa katikati ya bomba, kisipungue mara 3 ya kipenyo cha bomba: milimita 135 kwa bomba la 45. Kona ikishatoka, pima kipenyo chembamba na kipana hapo hapo katikati ya kona, gawanya chembamba kwa kipana. Chini ya 0.9, tupa. Mfano, 43 kwa 46.5 ni 0.92, inapita, 42 kwa 47 ni 0.89, inakwenda kuwa mguu wa meza. Katika kupanga urefu wa kukata, kona ya nyuzi 90 yenye nusukipenyo cha 135 inakula milimita 212 za bomba. Anayesahau hesabu hiyo hupata tao lisilofika sakafuni, kisha huunga kipande, na tao kuu haliungwi. Ni bomba moja kutoka mguu hadi mguu.

Umbo ni pembetatu, basi. Kila mchomeleaji wa Keko anajua geti lisilo na chuma cha mshazari hulala baada ya muda, na keji ni geti pande zote. Tao kuu bila mshazari, gari likiangukia bega, linalala ubavu na paa linahamia kichwani mwa abiria wa upande wa pili. Kwa hiyo mshazari wa tao kuu ndio wa kwanza. Wa pili ni paa: msalaba, au walau mishazari miwili inayokutana kwenye kona. Wa tatu ni milangoni. Mihimili miwili ya nyuma ianzie juu kabisa, karibu na kona za tao kuu, ikishuka nyuma kwa pembe isiyopungua nyuzi 30 kutoka wima. Ikiwa wima zaidi ya hapo inakuwa nguzo za ziada tu na haizuii tao kulala mbele au nyuma.

Mbele tunatumia muda mwingi zaidi, kwa sababu magari ya porini hapa kwetu hayapinduki kwa kasi kubwa mara nyingi. Hupinduka taratibu: gurudumu la chini linazama kwenye mchanga laini, au ukingo wa barabara ya mfinyanzi unaporomoka baada ya mvua, gari linalala ubavu, kisha linakwenda juu chini likishuka kwa pua kwa sababu injini ndiyo nzito. Kinachofika chini kwanza ni kona ya juu ya kioo cha mbele. Keji nyingi za mjini zina tao kuu imara na mbele pamewekwa vibomba viwili vinavyozunguka dashibodi ili isikatwe. Kila mzunguko huo ni kona mbili za ziada kwenye nguzo iliyotakiwa iwe karibu kunyooka, na nguzo yenye kona hujikunja kwenye kona. Kata dashibodi. Plastiki inazibika kwa mpira wa ukingo; nguzo haizibiki. Pale juu, penye kona ya nguzo ya mbele, bomba la juu ya kioo na bomba la paa, ongeza kibati cha pembetatu cha milimita 1.5 hadi 2 pande mbili.

Mabomba yakutane mahali pamoja, kwenye fundo. Mshazari unaoishia sentimita 20 kutoka kwenye fundo unalisukuma bomba jingine katikati ya urefu wake, na bomba likisukumwa katikati linapinda. Katika Land Cruiser ya bodi fupi au ya kati, keji ya miguu 6 yenye mishazari yote, msalaba wa milangoni na bomba la kufungia mikanda inafika kama mita 26 za bomba. Nunua vipande 5 vya mita 6. Uzito wake pamoja na pleti ni kilo 60 hadi 70 hivi, na nyingi ziko juu. Hapo ndipo tunamwambia mwenye gari aangalie keria yake: madumu 4 ya lita 20 ya dizeli juu ya paa ni karibu kilo 68 bila kuhesabu madumu yenyewe, yaani kama keji nzima, na yako juu zaidi. Akitaka keji isifanye kazi yake kamwe, ashushe madumu.

Kuchomelea. Ncha ya bomba ikatwe mdomo wa samaki kwa tundu-msumeno wenye kipenyo sawa na bomba linalopokelewa, mpaka zikumbatiane bila mwanya wa zaidi ya milimita moja. Mwanya unaojazwa kwa chuma cha rodi ndio ule utakaopasuka. Shika kwa nukta 4, pima mishazari yote ya gari kwa tepu, kulia na kushoto zilingane, ndipo uanze mistari, ukiruka fundo hadi fundo ili joto lisivute keji upande mmoja. Mashine ya gesi yenye waya wa ER70S-6 wa milimita 0.8, ampea 100 hadi 130, inafaa kwa ukuta wa 2.5. Katika uwanja wa wazi, upepo wa mchana unapuliza gesi na mstari unatoka na vitundu kama andazi. Zungushia turubai au fanya kazi asubuhi. Wenye mashine ya rodi peke yake watumie 7018 ya milimita 2.5, siyo 6013 ya madirisha. 7018 inanyonya unyevu, na hewa ya Dar ni unyevu mtupu: paketi ikifunguliwa, rodi zikae kwenye oveni ya nyuzi 120, vinginevyo haidrojeni inaingia kwenye chuma na nyufa hujitokeza baadaye, wakati fundi ameshalipwa.

Mstari lazima uzunguke bomba lote. Na hapa ndipo tunapokagua kwanza tunapoletewa keji ya mtu mwingine: tunapitisha kioo kidogo au kamera ya simu juu ya bomba, kati yake na paa. Mara nyingi chini kuna mstari mzuri wa magamba, na juu hakuna kitu kabisa, kwa sababu tochi ya kuchomelea haikuingia. Njia ya kulimaliza hilo inajulikana. Kabla ya kuweka boksi za miguu, yaani visanduku vya chuma ambavyo miguu husimama juu yake, keji inashushwa kupitia matundu yaliyokatwa sakafuni, sentimita 10 hadi 15, fundi anapata nafasi ya juu, anachomelea mafundo yote ya paani, kisha keji inapandishwa kwa jeki, matundu yanazibwa na boksi na pleti zinaingia chini ya miguu. Kwenye Hilux ya kabini moja tunaona ni rahisi zaidi kutoa paa zima kuliko kupigana na nafasi. Mistari isisagwe iwe laini. Inapendeza, lakini kilichosagwa ni nguvu.

Ndani ya gari keji ina sura nyingine: ni chuma kigumu sentimita chache kutoka kichwani. Mtu asiye na helmeti akigongwa kwenye bomba katika ajali ambayo bila keji angetoka na nundu, anaweza kufa. Ndiyo maana hatufungi keji kamili kwenye gari linalopeleka watoto shule. Kwa gari la safari, tao kuu na mihimili ya nyuma, nyuma ya vichwa vyote, inatosha. Kwa mashindano, keji kamili na helmeti kila dakika. Tunaacha sentimita 8 kutoka helmeti hadi bomba la karibu, mtu akiwa amefungwa mkanda na amekaa wima. Helmeti ya pikipiki haikujaribiwa kwa hali hii. Zile za magari zenye alama ya Snell SA hujaribiwa kwa kugonga umbo la bomba la keji na kwa moto.

Sponji jeusi la kufunikia mabomba ya kiyoyozi limejaa kwenye keji za mji huu. Libane kwa vidole viwili: vinakutana. Kichwa nacho kitakutana na chuma vile vile. Sponji la keji ni gumu, ukilibonyeza kwa dole gumba linatoa njia kidogo na kwa uzito. Lifungwe popote kichwa, goti au kiwiko kinapofika, na lisizungushwe tepu ya umeme, kwani tepu huyeyuka kwa jua la Februari na sponji linageuka upande.

Mikanda ya pointi 4 au zaidi na keji viende pamoja. Mikanda hiyo bila keji inamshikilia mtu wima chini ya paa linaloshuka. Keji yenye mkanda wa kawaida inamwachia mtu ayumbe mpaka afike kwenye bomba. Mikanda ya mabega ipite nyuma kwenye bomba la kufungia lililoko kwenye tao kuu, ikishuka kidogo tu, kwa nyuzi 10 hivi kutoka usawa, na kamwe isizidi 45. Ukiifunga sakafuni nyuma ya kiti, gari likigonga chini inauvuta uti wa mgongo kwenda chini. Mikanda yenye cheti cha FIA ina mwaka wa mwisho kwenye lebo; kwa gari linalolala juani mwaka huo usiongezewe hata siku.

Mkono usishike bomba gari linapolala. Waambie abiria kabla ya kuondoka, kwa maneno yasiyo na utata: dereva mikono kwenye usukani bila kuzungushia vidole gumba, abiria mikono imekunjwa kifuani. Kila kitu kilicho nyuma, jeki ndefu, kompresa, dumu la maji, kifungwe kwa mikanda ya kukazia kwenye mabano ya sakafuni. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na gari likibiringika linatembea ndani ya kabini bila kuuliza. Mtungi wa kuzimia moto wa kilo 2 ukae mahali dereva aliyefungwa mkanda anapofika, kwa mikanda miwili ya chuma. Kibano cha plastiki kinafunguka chenyewe.

Rangi iwe nyeupe au ya kijivu, rangi ya chini kwanza kisha tabaka moja nyembamba. Tabaka nene la poda huficha ufa, na katika rangi nyeupe ufa huonekana kama unywele wa kutu. Usitoboe bomba kufunga taa au redio, tumia vibano. Baada ya kila safari ngumu pitisha kidole pembeni mwa mistari ya kuchomelea, hasa kwenye miguu. Penye shaka, tumia seti ya makopo matatu: safisha, puliza rangi nyekundu, subiri dakika 10 hadi 20, futa, puliza nyeupe. Ufa utajichora mwenyewe kwa mstari mwekundu.

Gari likishapinduka, zima injini kabla ya kufungua mkanda. Dizeli iliyolala juu chini inaweza kuvuta mafuta ya injini yake yenyewe na kuendelea kuzunguka. Weka mkono mmoja kwenye paa, ndipo ufungue mkanda, la sivyo unaanguka kwa shingo. Kulirudisha gari kwenye magurudumu, kamba ya winchi ifungwe kwenye chesisi au gurudumu la mbali, isifungwe kwenye keji. Likishasimama, usipige stata. Mafuta yameingia juu ya pistoni na hayabanwi. Konekting rodi itapinda. Toa plagi za kupashia au nozeli, zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili, mafuta yatatoka kwenye matundu, kisha rudisha na uwashe.

Keji yenyewe ikaguliwe kwa rula ndefu ya chuma iliyolazwa juu ya kila bomba. Lililopinda halinyooshwi, kwa moto wala kwa jeki. Linakatwa kutoka fundo hadi fundo na kuwekwa jipya, na kama ni tao kuu, keji nzima inatoka, pamoja na pleti za miguu, ili bati lililo chini yake lionekane.